Ekseli ya Nyuma ya Motokaa ya Zamani: Pima Kwanza, Ukate Baadaye

(Haya ndiyo maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama walio mafundi wa motokaa. Tumeyapiga chapa ili na wale waliokuwa kazini siku ile wapate kuyasoma.)



Nimeombwa niseme habari ya kazi moja tu, nayo ni kubadili ekseli ya nyuma katika motokaa ya zamani. Labda wengine watauliza, kwa nini chama cha wafanyakazi kitumie saa nzima kwa chuma cha gari lililokwisha kuzeeka? Tumezoea kukutana kwa habari ya mishahara, saa za kazi na likizo. Jibu langu ni hili: mshahara wa fundi hutoka katika kazi yake, na heshima yake hutoka humo humo. Tena, katika karakana zetu ni kazi chache zinazomtia fundi lawamani upesi kama hii.

Desturi ni hii. Mtu mwenye fedha amenunua motokaa iliyolala miaka ishirini chini ya mti. Ataka itengenezwe, ipakwe rangi, iende tena barabarani. Ekseli ya nyuma inalia, na spea zake hazipatikani dukani. Basi huleta ekseli ya gari jingine aliyoinunua kwa wauza vyuma vikuukuu, akaitupa sakafuni na kusema, "Fundi, ifunge hii. Jumamosi nataka kwenda Naivasha." Fundi akikataa, huitwa mvivu. Akikubali, akachomelea haraka haraka, kisha gurudumu likang'oka njiani, bwana huyo hatasema kwamba yeye ndiye aliyeharakisha. Atasema kwamba fundi ameua watu.

Kwa hivyo, ndugu zangu, neno langu leo ni moja. Fundi asikate chuma kabla ya kupima, na asianze kupima kabla ya kujua kwa nini ekseli inabadilishwa. Akifanya hivyo, atawaokoa wanaopanda gari hilo, naye atajiokoa mwenyewe.

KAZI YA EKSELI

Yafaa tukumbuke kwanza ekseli ya nyuma hufanya kazi gani. Kazi zake ni tatu. Ya kwanza, hupokea nguvu kutoka kwa propela, huigeuza kuelekea magurudumu, na kupunguza mwendo wa mzunguko wake. Ya pili, hubeba uzito wa nyuma wa gari pamoja na abiria na mizigo. Ya tatu, hushika breki za nyuma na hendibreki. Mtu anayesema, "Inaingia, basi yafaa," ameangalia kama itafungika tu. Hakuuliza kama itazunguka sawa, kama itabeba sawa, wala kama itasimama sawa.

Nitachukua mfano wa Morris Minor, kwa sababu wazee wengi hapa waliijua vizuri. Ilionyeshwa watu mara ya kwanza London mwaka 1948, na aliyeichora ni Alec Issigonis. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilionekana sana katika barabara zetu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 1.6 kabla ya kiwanda kuacha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo bado zipo watu wanazozifufua.

Minor si moja. Ile ya kwanza ilikuwa na injini ya sisi 918. Mwaka 1952 ikaja ya sisi 803. Mwaka 1956 ikaja Minor 1000 yenye sisi 948, na mwaka 1962 ikatiwa injini ya sisi 1098. Kila injini ilipobadilika, mara nyingi kiwanda kilibadili na hesabu ya difu. Gari la sisi 803 lilipata difu ya 5.375 kwa 1, maana yake pinioni ina meno 8 na kraunwili meno 43. Lile la 948 lilipewa meno 9 kwa 41, yaani 4.556 kwa 1. Lile la 1098 lilipewa meno 9 kwa 38, yaani 4.222 kwa 1. Watu wa kiwanda hawakufanya hivyo kwa kucheza. Injini dhaifu ilipewa difu nzito ya kuvuta, na injini yenye nguvu zaidi ikapewa difu ya kukimbia.

UGONJWA NI UPI?

Daktari hakati mguu kwa sababu mgonjwa amesema, "Naumwa." Sisi vile vile. Kabla ya kushusha ekseli, endesha gari na usikilize.

Kama inalia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachilia, meno ya difu yamelika upande wa kuvuta. Kama inalia unapoachilia tu, ni upande wa pili wa meno, au pinioni imelegea katika beringi zake. Kama ni mngurumo unaobadilika unapokata kona, shuku beringi ya gurudumu. Kama ni kishindo kimoja unapoachilia klachi, angalia kwanza krosi za propela. Mara nyingi ekseli nzima imetupwa kwa kosa la krosi ndogo.

Tena tazama ile tundu ndogo ya kupumulia iliyo juu ya ekseli. Ikizibwa na matope, hewa ya ndani hupata moto, hutanuka, na kusukuma mafuta nje kupitia sili. Mafuta hayo huingia katika dramu za breki. Fundi hubadili sili leo, na mwezi ujao mafuta yanavuja tena, hata mwenye gari aseme ekseli imekufa. Kumbe ilihitaji kuzibuliwa kwa waya! Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa twaweza kusema, usipozibua tundu utanunua ekseli.

Ukikuta ugonjwa ni beringi, sili au krosi, mwambie mwenye gari ukweli, hata kama amekwisha kununua ekseli nyingine. Kazi ndogo iliyofanywa vizuri humrudisha mteja.

NJIA YA KATI: KUBADILI DIFU PEKE YAKE

Ikiwa meno ya difu yameharibika, bado si lazima kubadili ekseli nzima. Katika Minor 1000, difu hufungwa kwa nati mbele ya ekseli, nayo hutoka nzima baada ya kuvuta hafushafti na kufungua propela. Difu za Austin-Healey Sprite na MG Midget ni za ukoo huo huo, na mafundi wengi wamezitia katika Minor. Humo hupatikana 4.222, tena 3.9, tena 3.727 katika Midget za mwisho. Bodi haikatwi, breki haziguswi, na springi hazihami. Ila hakikisha kwamba meno ya mwisho wa hafushafti yanalingana na ya difu kabla hujafunga.

Lakini hapa ndipo mwenye gari hudanganyika. Akisikia 3.727 itamkimbiza, ataka hiyo hiyo. Fundi na ampigie hesabu mbele ya macho yake. Tia chaki tairini, sukuma gari mpaka tairi imalize mzunguko mmoja, kisha pima sakafuni. Tuseme umepata mita 1.80. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 741 kwa dakika. Zidisha kwa hesabu ya difu. Kwa 5.375 injini itazunguka kama mara 3,980. Kwa 4.556, kama 3,370. Kwa 4.222, kama 3,130. Kwa 3.727, kama 2,760 tu.

Mwenye gari atafurahi, maana injini itatulia na petroli itapungua. Lakini mwulize, atapita njia gani? Injini isiyo na mashine ya kusukumiwa hewa hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya bahari. Injini ya sisi 948 ilihesabiwa nguvu za farasi 37, nako ni huko Uingereza, nchi ya chini. Hapa petu, mtu akipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, yuko juu ya mita 2,000, na katika zile 37 amebaki na 30 au pungufu. Mtie abiria wanne na difu ya 3.727, naye atapanda kwa gia ya pili huku malori yakimpigia honi nyuma yake. Maji yatachemka, klachi itaungua, na lawama itakuja karakana. Kwa injini ya 948 katika nchi yetu ya milima, 4.556 ya kiwanda ni nzuri, na 4.222 ndio mwisho. Hizo za 3.9 na 3.727 ziachiwe magari yaliyotiwa injini kubwa zaidi.

Jambo jingine ni spidomita. Katika gari hili spidomita huchukua mwendo wake kutoka giaboksi, wala haijui kwamba difu imebadilishwa. Ukitoa 4.556 na kutia 3.727, spidomita itaonyesha 80 hali gari linakwenda 98. Dereva atashikwa na polisi akiapa kwamba hakuvunja sheria. Basi spidomita irekebishwe, au mwenye gari aambiwe kwa maandishi.

Na usisahau jambo hili: kraunwili na pinioni ni mume na mke. Zilisagwa pamoja kiwandani. Usichukue pinioni ya difu hii na kraunwili ya difu ile kwa kuwa idadi ya meno ni sawa. Pia mafuta yawe yale yanayotakiwa na difu yenyewe. Katika Minor meno huteleza huku yakigandamizana sana, kwa hiyo hutaka mafuta ya difu ya namna ya haipoidi. Lakini msidhani difu zote ni sawa. Mwaikumbuka Peugeot 404, ambayo ilishinda Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Difu yake ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Dawa kali zilizomo katika baadhi ya mafuta ya difu huila shaba. Soma kitabu cha gari, wala usitie mafuta kwa mazoea.

KUBADILI EKSELI NZIMA

Sasa tufike kwenye kazi kubwa yenyewe. Kuna wakati ekseli nzima lazima ibadilishwe. Labda bomba lake limepinda katika ajali, au limeliwa na kutu, au gari limetiwa injini yenye nguvu mara mbili na ekseli ya zamani haiwezi. Wengi huchukua ekseli ya Ford Escort za miaka ya 1968 mpaka 1980, zile zinazosukumwa kwa magurudumu ya nyuma. Escort zilishinda Safari mwaka 1972 na 1977, na Escort za mashindano hujulikana kwa ekseli nene iitwayo Atlas. Kwa hiyo kila mwenye gari la kale huota Atlas. Lakini chuma kinene ni chuma kizito. Uzito ule hauko juu ya springi, bali uko chini yake pamoja na magurudumu, nao huifanya gari nyepesi kama Minor iruke ruke katika barabara mbovu. Chukua ekseli inayotosha nguvu za injini, usichukue iliyo kubwa kuliko zote sokoni.

Haya ndiyo ya kupima, na yaandikwe kwenye karatasi kabla jeki haijainuliwa.

Kwanza, upana. Pima ekseli ya zamani kutoka uso inapokaa rimu upande huu mpaka uso wa upande wa pili. Pima na mpya vile vile. Ikizidi, tairi zitakwaruza matao ya bodi wakati gari limejaa watu, hata kama likiwa tupu zilizunguka vizuri.

Pili, makalio ya springi. Pima kati ya springi na springi, na pia mahali difu ilipo kati ya hizo springi, maana si kila difu iko katikati kabisa.

Tatu, nafasi ya juu. Difu mpya ikiwa kubwa, springi zikishuka itagonga sakafu au propela itagusa handaki lake. Pima springi zikiwa zimekandamizwa mpaka mwisho.

Nne, pembe ya pinioni. Hili ndilo wengi hawalijali. Weka pimamaji nyuma ya giaboksi, kisha kwenye uso wa pinioni. Mstari wa giaboksi na mstari wa pinioni viende sambamba, ili krosi ya mbele na ya nyuma zipindike kwa kadiri moja. Zisipolingana, gari litatetemeka kwa mwendo fulani, na krosi zitakwisha katika muda mfupi. Pembe hii ipimwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, si linaponing'inia kwenye stendi.

Tano, urefu wa propela. Ekseli hupanda na kushuka, na propela huingia na kutoka giaboksini. Ikiwa ndefu mno itasukuma giaboksi. Ikiwa fupi mno yaweza kuchomoka. Ikikatwa, ikatwe na fundi wa kerezo mwenye kuweza kuipima na kuisawazisha baadaye.

Sita, stadi za magurudumu. Minor ina stadi nne katika duara la milimita 101.6, na Escort ina nne katika duara la milimita 108. Kwa macho ni sawa, kwa kweli si sawa. Maana yake ni kwamba gari litakuwa na rimu za namna mbili, na gurudumu la akiba litaingia mbele tu au nyuma tu. Kamwe usilazimishe rimu kwa kukaza nati. Nati zitakaza leo, na kesho stadi zitakatika.

Saba, breki. Breki za Minor zilitoka kiwandani na mzunguko mmoja tu wa mafuta. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Basi paipu mpya za nyuma zisisuguane na kitu chochote, na ile ya mpira iwe na urefu wa kutosha springi zinaposhuka kabisa. Tena, silinda za breki za ekseli mpya zikiwa kubwa kuliko za zamani, magurudumu ya nyuma yatafunga kabla ya yale ya mbele, na gari litageuka nyuma mbele njiani, hasa wakati wa mvua. Na kebo za hendibreki zipimwe upya, maana gari la kale bila hendibreki kwenye mteremko ni jiwe linaloviringika.

Nane, mjue hafushafti inabeba nini. Katika Minor, beringi ya gurudumu hukaa juu ya bomba la ekseli, na sehemu kubwa ya uzito hubebwa na bomba. Katika Escort ya kawaida, hafushafti yenyewe hubeba uzito wa gari, na kinachoizuia isitoke ni beringi na pete iliyobanwa kwa nguvu juu yake. Pete ikilegea, gurudumu na hafushafti hutoka nje pamoja gari likiwa mbioni. Pete hiyo ibanwe kwa mashine ya kugandamiza, kwa kipimo, na isitumiwe mara ya pili. Pete iliyopigwa kwa nyundo ni mauti.

KUCHOMELEA

Makalio ya springi yakipaswa kuhamishwa, lazima kuchomelea. Toeni ekseli nje, msichomelee chini ya gari. Katika Minor tangi la petroli liko nyuma, chini ya sanduku la mizigo, hatua ndogo tu kutoka kwenye ekseli. Toeni difu, hafushafti na mafuta yote. Fungeni waya wa ardhi karibu na pale mnapochomelea. Chomeleeni kidogo upande huu, kidogo upande ule, mkingojea chuma kipoe, kwa sababu moto hupinda bomba. Mwisho piteni fito iliyonyooka ndani, mhakikishe bomba halikupinda.

Na hafushafti haichomelewi. Nasema tena ili vijana wasikie: hafushafti haichomelewi hata kidogo. Chuma chake kiliivishwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Mkikichomelea, ugumu ule hupotea pale pale penye kiungo, na ndipo kitakapokatika. Ikiwa ekseli lazima ipunguzwe upana, hafushafti mpya zitengenezwe, au zikatwe meno mapya na karakana yenye mashine na ujuzi huo. Kama mwenye gari hana fedha za hayo, hana fedha za kazi hii.

Tena msisahau kwamba Minor haina chesisi kamili kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Angalieni mahali springi zinaposhika bodi. Ukigonga kwa bisibisi na ikazama, hapo pana kutu, na ekseli mpya itafungwa kwenye biskuti. Bodi itengenezwe kwanza.

KUJARIBU

Kazi ikiisha, msimkabidhi mtu ufunguo kwanza. Zungusheni magurudumu kwa mkono. Endesheni polepole kilomita kumi, mshuke, na msogeze mkono karibu na habu na difu mhisi moto. Tafuteni uwanja mtupu wa sawa, mwende kilomita 30 kwa saa, mkanyage breki, na mwenzenu asimame pembeni aangalie magurudumu gani yanafunga kwanza. Yawe ya mbele. Mwite tena gari baada ya kilomita mia chache, mkaze yubolti za springi, maana springi zikishakaa yubolti hulegea.

AFYA YA FUNDI MWENYEWE

Sasa nasema habari yetu sisi. Ekseli ni mzigo mzito. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma, na magurudumu ya mbele yawekewe mawe. Ekseli ishushwe na watu wawili au zaidi.

Lainingi za breki za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake huingia mapafuni na kukaa humo, na baada ya miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu na kansa. Mtu hafi leo, kwa hiyo hudhani amepona. Basi dramu zisipulizwe kwa pampu ya hewa, wala lainingi zisisuguliwe kavu kwa msasa. Lowesheni kwa maji, pangusa kwa tambara lenye maji, tambara litiwe katika mfuko na kufungwa. Nguo za kazi zisiende nyumbani kwa watoto.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Na sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi bima. Mwulizeni katibu wa tawi awaonyeshe. Sheria isiyojulikana ni kama spana iliyofungiwa sandukuni.

KARATASI NA MALIPO

La mwisho ni karatasi. Kila kazi ya ekseli iandikwe: mwenye gari ametaka nini, fundi amepima nini, fundi ameshauri nini, na mwenye gari amejibu nini. Atie sahihi. Akitaka difu isiyofaa mlima, iandikwe. Akikataa kulipia hafushafti mpya, iandikwe, na kazi isimame hapo. Kuna kazi ambayo sahihi ya mwenye gari haimwondolei fundi hatia, kama ile ya kuchomelea hafushafti. Hiyo ikataliwe tu.

Bei iwe kwa saa za kazi, na saa za kupima zihesabiwe. Mwenye gari husema, "Nitalipaje mtu aliyeshika futi?" Ajibiwe kwamba analipia asigeuke nyuma mbele katika mteremko. Na fundi mmoja akikataa kazi ya hatari, wa jirani asiipokee kwa bei nusu. Tukifanya hivyo, tunamfundisha mwenye gari kwamba maisha yana punguzo, na tunashusha ujira wetu sote kwa siku moja.

Ninyi vijana, msiione kazi ya magari ya kale kuwa ya mchezo. Magari mengi ya siku hizi hayana ekseli ya namna hii, na wanaojua kuipanga kraunwili na pinioni wanapungua kila mwaka. Kaeni na wazee, jifunzeni kwa mikono, mkafanye mitihani ya ufundi Grade III, kisha II, kisha I. Cheti bila mikono hakifai, lakini mikono bila cheti hulipwa kidogo.

Naomba basi tawi likubali mambo matatu: karatasi ya kupimia ekseli ipigwe chapa na kugawiwa kila karakana yenye wanachama wetu, stendi za chuma zidaiwe kwa kila mwajiri asiyekuwa nazo, na mwanachama atakayeadhibiwa kwa kukataa kazi ya hatari atetewe na tawi zima.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha.  Mwenye swali na asimame aulize.